Mama Alipoingia Majini

Baba tulimzika jana yake. Asubuhi mama akaenda ufukweni, akavua viatu, akaingia baharini na gauni lake la msiba.

Mimi na kaka tulikuwa nyuma yake. Tulidhani ananawa miguu.

Maji yakafika magotini. Yakafika kiunoni. Akajitupa.

Kaka alitoka mbio huku anavua shati. Mama yetu hakujua kuogelea. Tulikulia palepale, mlango wetu ukifunguka unakanyaga mchanga, na hatukuwahi kumwona amelowa kupita vifundo vya miguu. Alikuwa mtu wa kukaa kivulini na kutuita tukienda mbali.

Kaka hakufika mbali. Alisimama maji yakiwa mapajani, shati mkononi, ametoa macho.

Mama alikuwa anaogelea. Si kutapatapa. Mikono inakata maji taratibu, kichwa kinazama, kinaibuka.

Mimi sikuhisi kitu. Tangu simu ya hospitali nilikuwa na ganzi, msiba mzima nimeumalizia kwenye kuosha vikombe. Niliwaza tu kwamba lile gauni litachuja rangi.

Ngoja niwaeleze baba alikuwa nani.

Alikuwa mwokoaji pale ufukweni. Kiti kirefu cha mbao, filimbi shingoni, ngozi imeungua jua. Watu walimwita Chuma.

Na hadithi kubwa ya Chuma ilikuwa mimi. Nikiwa mdogo mkondo ulinivuta, nikazama, baba akaruka kutoka kwenye kiti akanitoa.

Wageni wakija, lazima aisimulie. Kila mwaka alitia chumvi kidogo, mawimbi yakazidi kurefuka. Mama alikuwa anapita na sahani, anaweka, anarudi jikoni.

Hata makaburini bosi wake wa zamani aliisimulia. Watu wote wakanigeukia. Mimi ndio ushahidi.

Nilipokuwa msichana nilishindwa hata kumnunia vizuri. Unamnuniaje mtu aliyekupa uhai mara mbili?

Basi, mama akatoka majini. Nikamfunika koti langu, tukaketi mchangani. Kaka, bado anahema, akamuuliza amejifunza lini. Mama akasema tangu utoto, kwao walikaa kando ya ziwa, aliogelea kabla hajajua kusoma.

Kaka akauliza mbona alituficha.

Mama hakumjibu yeye. Alinitazama mimi.

"Baba yako hakuruka siku ile. Aliganda. Alishika kiti kwa mikono miwili, anakutazama unazama. Mimi ndiye niliyekutoa."

Alieleza polepole, huku anakamua pindo la gauni. Ilikuwa asubuhi, watu wachache, wengi wako mbali. Mama alipofika nami kwenye maji mafupi, ndipo baba akapata miguu, akaja, akanipokea. Waliokuja mbio walimkuta Chuma amenibeba. Wakampigia makofi. Mama alikuwa nyuma yake, amelowa chapachapa, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Nyumbani baba alimwambia mambo mawili. Wakijua, atafukuzwa kazi. Na hata wasipomfukuza, hatoweza tena kukaa kwenye kile kiti.

Mama akamwahidi hatosema. Na ili mtu asije akaunganisha mambo, akaacha kuogelea. Moja kwa moja.

Kaka aliinuka, akaenda kusimama peke yake, ametupa mgongo.

Mimi nikauliza, "Aliwahi kukushukuru?"

"Mwanzoni alikuwa hawezi kunitazama," mama akasema. "Halafu akaanza kuisimulia. Mwishoni nadhani aliamini. Sasa ningemnyang'anyaje?"

"Na wewe je?"

Aligeuka akatazama bahari.

"Nilikuwa napenda sana kuogelea, mwanangu."

Nilisubiri hasira ije. Haikuja. Machozi nayo hayakuja. Nilimshika mkono tu, ulikuwa wa baridi, tukarudi ndani kwa sababu watu wa rambirambi walikuwa wameanza kufika.

Mmoja wao alianza kuisimulia tena ile hadithi. Mama akamkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.

Ninachoweza kuwaambia ni hiki. Kila nyumba ina hadithi yake inayopendwa. Siku moja mwangalieni yule anayenyamaza inaposimuliwa, mkamuulize wahusika wote wakiwa bado hai.

Mimi nimechelewa. Baba ameondoka kabla sijamwambia kwamba ningempenda hivyohivyo, hata kama aliganda.