Pedi Mpya Kwenye Ndoo ya Taka

Mtaani walimwita Breki, na hata mama yake mzazi aliondoka duniani akimwita hivyohivyo. Mume wangu huyo. Gari la mtu likilia kwenye mteremko wa sokoni, linaletwa uani kwangu, linapigwa jeki kati ya kamba ya nguo na jiko langu, na mimi naitwa. Maana kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili, na wa pili nimekuwa mimi tangu anipose. Wenzangu walipewa dhahabu, mie nikapewa pedali.

Safari hii lilikuwa letu wenyewe, limechoka kama wenyewe. Binti yetu angelichukua kesho yake, ampeleke mwanawe hospitali huko chini ya mteremko. Mzee akasema basi breki zote zifumuliwe: pedi, mipira, mafuta, kila kitu.

Akaenda gurudumu baada ya gurudumu, polepole. Mimi nimekaa kwenye usukani, mguu tayari.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shikilia!"

"Nimeshikilia!"

Hapo akalegeza skrubu, mafuta yenye mapovu yakatoka, akaikaza, akasema, "Achia." Ndiyo mapenzi yetu hayo.

Kwenye gurudumu la mwisho alisema nishikilie, kisha kimya. Nikashikilia mpaka paja likatetemeka. "We mzee, umelala?" Nikashuka. Nilimkuta amekaa chini, spana mkononi, skrubu hajaigusa.

"Ulikuwa unasemaje?" akaniuliza.

Nikacheka. Nilicheka kwa woga.

Tukamaliza, gari likashushwa, akaenda kunawa. Nikashika ufagio. Kwenye ndoo ya taka, chini ya matambara, nikakuta pedi mpya, zimepangwa vizuri ndani ya boksi lake. Zile kuukuu, zilizolika hadi chuma, ndizo alizozirudisha kwenye magurudumu.

Jamani! Nilitaka nipige yowe mtaa mzima usikie. Mwanangu na mjukuu wangu, kwenye mteremko ule! Nikampelekea boksi, nikaliweka mbele yake.

Alilitazama sana. Ningeshukuru angebisha, mtu huyu hajapata kukubali kosa toka nimjue, hata akichoma ugali husema moto ndio mbaya. Akakaa pale mlangoni, mikono inachuruzika maji.

"Mwite fundi wa barabarani," akasema. "Alifungue lote upya. Mimi usiniache nilisogelee."

Fundi akaja, akafungua, akatikisa kichwa, akafunga zile pedi mpya. Kesho yake binti yetu akaenda na kurudi salama, wala hakuambiwa kitu. Alipotukabidhi gari, mzee akachukua funguo akanitia kiganjani, akakifumba kwa mikono yake miwili.

"Zifiche, mama. Nikizitaka usinipe. Hata nikikutukana."

"Wewe? Unitukane mimi?" nikamwambia. Hakuwahi, hata siku moja.

Haikupita wiki. Asubuhi nikamkuta amevaa ovaroli, anapekua makabati.

"Umeona funguo zangu?"

"Sijaziona, baba."

Nilikuwa nazo kifuani, ndani ya blauzi. Akapindua godoro, akamwaga kapu la nguo, kisha akanigeukia akanitukana, tusi la mama yangu, na macho yake hayanijui kabisa.

Sikumpa.