Kila Aliyekuja Aliondoka na Kiti

Kazini hakuna aliyejisumbua kujifunza majina yetu. Tulikuwa wanawake watatu kutoka maghala matatu ya kampuni moja, tuliopelekwa Arizona kwa wiki nane kufundisha wafanyakazi wapya wa ghala lililofunguliwa pembezoni mwa jangwa. Mgongoni mwa vizibao vyetu vya njano waliandika miji tuliyotoka, na hayo ndiyo yakawa majina. Louisville alikuwa mkubwa wetu, mama wa watoto sita, anaishi Highview, Kentucky. Columbus alikuwa mdogo, na mtoto wake mmoja alikuwa amemwacha kwa dada yake Reynoldsburg. Mimi ni Buffalo. Sote watatu tumezaliwa milimani Kivu Kusini, ambako ukiongea asubuhi moshi unatoka mdomoni. Katika wafanyakazi wote wa kampuni ile, sisi ndio walioonekana tunafaa kupelekwa mahali ambapo usukani wa gari hushikwa kwa glavu za kutolea vyungu kwenye oveni.

Walitupa nyumba nzima katika kitongoji ambacho kila nyumba ina rangi ya biskuti. Uani hakuna nyasi. Kuna changarawe, na Jumamosi majirani huzichana kwa reki kama vile zitaota. Wiki ya kwanza Columbus alihangaika na ufunguo dakika kumi nzima, akakitukana kitasa, mpaka mwenye nyumba akamfungulia kwa ndani na kumwuliza amsaidie nini. Nyumba yetu ilikuwa ya tatu kutoka hapo. Bomba la maji baridi lilitoa maji ya moto, na bomba la maji ya moto lilitoa maji ya kunyonyolea kuku. Tulikuwa tunakinga ndoo jioni ili zipoe, tuoge asubuhi.

Ndani, kinyume chake, tuliganda. Kiyoyozi kilikuwa kimefungwa kwa namba ya siri ambayo msimamizi alisema yupo mtu anayeijua. Mimi nilikuwa nimekuja na jaketi langu la theluji la Buffalo, kwa sababu sijui kusafiri bila hilo jaketi, na wenzangu walinicheka tangu uwanja wa ndege. Wiki ya pili walikuwa wanaliomba kwa zamu. Ukitupita dirishani ungeona mwanamke anakula ugali amevaa kofia ya manyoya, na nje lami inalainika.

Wiki ya tano, Jumapili asubuhi, Louisville alipata ujumbe wa sauti kutoka kwa kaka yake. Mama yao alikuwa amefariki kambini, Burundi, na wameshamzika. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka simu juu ya meza, akarudi kwenye sinki na kuendelea kuosha mchele. Aliuosha, akamwaga maji, akauosha tena. Mara ya tano nikamnyang'anya sufuria.

“Lia, dada,” nikamwambia. “Lia tu, tuko hapa.”

Akatuangalia, mimi na Columbus, kama mtu anayepima kitambaa na kuona hakitoshi.

“Batu babili?” akasema. “Kilio ya batu babili ni kilio gani? Mama yangu alizaa batoto tisa. Mi siwezi kumulilia mbele ya batu babili.”

Hakuwa anatutukana. Kwetu mtu aliyefiwa halii peke yake. Watu huja, wanaomjua na wasiomjua, wanakaa kimya karibu naye, na ule umati ndio unaomfungulia kifua. Nimeona wanawake waliokaa siku mbili wakavu mpaka wageni wakajaa ndipo wakaanguka. Na nimemwona mmoja ambaye wageni hawakufika. Huyo mpaka leo anazungumza kama mtu aliyeshika kitu mdomoni. Niliogopa hilo kwa Louisville. Niliogopa sana.

Tiketi ya karibu iliyopatikana ya kumrudisha nyumbani ilikuwa ya keshokutwa. Tulipiga simu kwa Wakongo wa mji mkubwa, wakatupa pole nzuri na kutuahidi kuja Jumamosi, baada ya kazi. Tukapiga Highview kwa video, na hapo mambo yakazidi kuharibika, maana nyumbani kwake kilio kilikuwa kimeshaanza bila yeye. Sebule imejaa, kwaya imefika, viatu mlangoni havihesabiki. Mume wake, ambaye na mama mkwe wake hawakuwahi kuelewana hata kwa chumvi, alikuwa amekaa katikati ya kochi anapokea pole, na lazima niseme ukweli, alikuwa analia vizuri. Mwanamke mmoja akachukua simu, akampa Louisville pole ndefu yenye sala ndani yake, kisha akauliza, “Donc, mama, ile sufuria kubwa iko wapi?” Louisville akamwelekeza: juu ya kabati, nyuma ya ndoo. Mtoto wake wa mwisho akaja kwenye kioo akalalamika kwa Kiingereza kwamba wageni wamelala kitandani mwake. Louisville akamwambia awe mpole. Akakata simu, akaenda chumbani, akatandika blanketi sakafuni na kukaa juu yake, mkavu kama ule uwanja wa changarawe.

Mimi nikakasirika. Nilikasirikia kampuni, nikakasirikia tiketi, nikamkasirikia hata yule mume na machozi yake. Watu wa kumlilia mama huyu wamejaa nyumba ya Kentucky, na aliyefiwa yuko jangwani amevaa jaketi langu.

“Bon,” nikamwambia Columbus. “Majirani ni batu pia. Tutatoa biti inje.”

Wazo lilikuwa langu, na nalikiri. Kwetu ukiona viti nje ya nyumba asubuhi na wanawake wamejifunga vitenge, huulizi. Unaingia, unakaa. Gerejini, nyuma ya hita ya maji, kulikuwa na viti sita vya kukunja ambavyo hakuna kati yetu aliyewahi kuvikalia. Nikavifuta vumbi. Sasa kivuli. Nyumba ile ilikuwa na mti mmoja tu, wamepanda ukingoni kabisa mwa barabara, karibu na sanduku la barua. Nikavipanga hapo, safu moja iliyonyooka, vikiangalia njia. Columbus nikamtuma dukani kwa gari kuleta soda na mikate. Mimi nikajifunga kitenge, nikasimama mwisho wa safu kupokea wageni.

Naomba nijitetee kidogo. Nimeishi West Side ya Buffalo miaka tisa. Kochi langu nimeliokota barabarani. Meza yangu nimeiokota barabarani, na kitanda cha watoto tulikivuta mimi na mume wangu kwenye theluji kutoka mtaa wa pili. Hakuna mtu Marekani anayejua kuliko mimi maana ya kiti kilichowekwa ukingoni mwa njia. Lakini siku ile haikunipitia akilini hata kidogo. Kichwa changu kilikuwa milimani.

Wa kwanza kufika alikuwa mzee wa nyumba ya ng'ambo, ambaye kila asubuhi hutembeza mbwa aliyevaa viatu vinne ili lami isimchome. Wiki tano alikuwa anatupungia mkono kwa mbali. Siku hiyo alisimama, akaangalia viti, akaniangalia mimi na kitenge changu, akauliza kama inaruhusiwa. Nilitaka kumbusu. Nikamwambia kwa Kiingereza changu kwamba tunashukuru sana kwa kuja. Akakaa. Akampakata mbwa. Nikakaa viti viwili pembeni yake, nikainamisha macho kama inavyotakiwa, na yeye baada ya kuniangalia akainamisha ya kwake. Tulikaa hivyo muda mzuri. Nikawaza, kumbe Wazungu nao wanajua. Kisha akasimama, akasema kiti ni imara, asante sana, akakikunja na kuvuka nacho barabara, mbwa nyuma yake anapiga hatua na viatu vyake.

Nikabaki nimesimama. Nikajiambia pengine anampelekea mke wake, mgonjwa wa miguu labda, amkalishe barazani atuangalie kutoka kule. Mtu akitaka kuamini kitu hakosi sababu.

Nikaenda mpaka dirisha la chumbani, nikagonga kioo. “Batu banaanza kufika,” nikamwambia Louisville. Aliinua kichwa. Nikamwona anavua jaketi na kukaza kitenge, anajiweka tayari, na moyo ukanipiga kwa furaha.

Niliporudi pikapu ilikuwa imesimama na mume na mke wanashuka. Nikawapokea kwa mikono miwili. Wao walikaa kwa bidii kuliko mzee. Mume alikaa kiti cha kwanza, akajitikisa, akahamia cha pili. Mke naye akamfuata nyuma, kiti kwa kiti, mpaka mwisho wa safu. Nikafikiri ni dhehebu. Kuna makanisa huku yenye taratibu ambazo siwezi kuzieleza, na aliyekuja kukupa pole humfundishi namna ya kukaa. Wakanong'onezana, mke akanishika mkono, akasema sisi ni watu wema na Mungu atubariki. Nikasema amina. Wakapakia viti vinne kwenye pikapu, wakaondoka.

Hapo ndipo Columbus aliporudi na soda. Akatoka garini, akaangalia kile kiti kimoja kilichobaki chini ya mti, akaangalia sanduku la barua, akaangalia njia.

“Mama Buffalo. Biti biko wapi?”

“Bageni bamekwenda nabyo.”

“Bageni gani?” Akaweka soda chini. “Mama, batu banafikiri tunatupa! Umeweka biti penye batu banatupaka bintu!”

Niliona kochi langu la Buffalo mbele ya macho, na miguu yake mitatu na tofali. Nilitaka ardhi inimeze, lakini ardhi ya kule ni ngumu. Columbus alikuwa ameshaingia garini, anaifuata pikapu na mlango mmoja haujafungwa vizuri.

Na mzee alikuwa anarudi. Kiti cha kwanza kilikuwa kimempendeza, amekuja kuchukua cha pili. Alikuwa ameshakishika mgongo pale mlango wa nyumba ulipofunguka.

Louisville alikuwa amesikia milango ya magari. Amesikia sauti, amesikia hatua, amesikia mimi nikisema amina. Alitoka kichwa wazi, bila viatu, kwenye changarawe za moto, akitafuta umati wake. Akamwona mzee mmoja, mbwa mmoja, na mimi. Yeye aliendelea kuja. Akafika kwenye kile kiti, akaweka mkono wake juu ya mkono wa yule mzee, akavuta pumzi na kupiga ukelele ambao sijausikia tangu nilipoondoka milimani. “Mama weee!” Mbwa alijificha chini ya gari la jirani. Louisville akaanguka kwenye kiti na kulia kwa mwili mzima, mabega, tumbo, miguu, na bado amemshika mzee wa watu mkono.

Mzee alilichukulia jambo hivi: mama huyu analilia kiti. Uso wake ulikuwa mwekundu. Akasema samahani, samahani sana, sikujua, akajinasua taratibu na kuvuka barabara mbio kwa kadiri ya magoti yake. Akarudi amebeba kiti alichochukua, akakifungua, akakiweka karibu na Louisville kwa heshima. Pikapu nayo ikatokea, Columbus nyuma yake anapiga honi. Mume na mke walishuka wakiwa na maneno tayari, nadhani ya ugomvi, wakamwona mwanamke mzima anagaragaza kichwa na kuita mama yake. Wakaanza kushusha viti kimoja kimoja, na kila walipoweka kimoja walisema pole, tunasikitika, tunasikitika sana. Mke naye akaanza kutoa machozi.

Ningeeleza. Nilikuwa nimeshapanga maneno, na Kiingereza chake, kichwani. Lakini mzee akanisogelea, akavua kofia, akauliza kwa sauti ndogo kama viti vile vilikuwa vya mama yake Louisville.

Nikasema ndiyo. Nikasema mama yake amefariki.

Akakiangalia kiti alichokuwa amekileta. Hakujua kama ni adabu kukikalia au ni dhambi. Nikamshika mkono nikamkalisha. Wale wawili nao wakakaa, na safari hii hawakujitikisa. Columbus akaketi, mimi nikaketi. Viti vyote sita vikawa na watu.

Kwetu jirani mwema huja kwenye kilio na kiti chake mwenyewe, amekibeba kichwani, maana anajua vya mfiwa havitatosha. Louisville alipopumzika kidogo alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akawaangalia wageni wake mmoja mmoja, kisha akaniinamia.

“Unaona, dada?” akasema. “Batu ba huku bako na roho. Bamekuya na biti byabo.”

“Ndiyo,” nikamwambia. “Bamekuya nabyo.”

Akaanza kulia upya.