Meno ya Mama Yalipoanza Kung'oka

Jino la kwanza la mama lilitoka mchana, tukiwa tunakula makande nyumbani kwake Masieda. Hakuuma jiwe wala mfupa. Aliacha tu kutafuna, akaingiza vidole mdomoni, akalitoa na kuliweka kiganjani. Lilikuwa jino zima, refu kuliko nilivyodhani jino linaweza kuwa, halina tundu wala weusi. Mzizi wake ulikuwa safi kama umeoshwa.

Kaka yangu, ambaye anaishi naye pale pamoja na mke wake, alicheka kidogo.

"Uzee huo, mama. Hata trekta linachakaa."

Mama hakucheka. Alilifuta lile jino kwa ncha ya kanga, akalifungia humo humo, kisha akaisogeza sahani yake mbali.

"Nilishaliota," akasema.

Hatukumuuliza maana yake. Kwetu kila mtu anaijua. Ukiota jino limetoka, kuna mtu wa nyumba hiyo anaondoka. Mchungaji huzikemea habari hizo kanisani, watu huitikia amina, halafu hurudi nyumbani wakaziogopa vilevile. Mimi mwenyewe nilimaliza chakula changu bila kusikia ladha.

Mama alizaliwa chini, upande wa Hanang, kwenye tambarare za wafugaji ambako maji ya visima huyapaka meno rangi ya kahawia tangu utotoni. Alipoolewa huku juu, wanawake wenzake walimwambia ana meno ya kutu. Aliwajibu kwa kuyatumia. Hata baada ya kupata wajukuu nilimwona akimenya muwa kwa meno, akikata kamba ya gunia, akivunja mfupa wa mbuzi ili apate uboho. Asubuhi alikaa nje kwenye kigoda, baridi na ukungu vikiwa bado havijaondoka, akasugua meno kwa kijiti alichokitafuna ncha. "Yangu siyo meupe," alikuwa akisema, "lakini yapo." Kwa mtu wa namna hiyo, jino kutoka lenyewe kwenye makande halikuwa jambo dogo.

Mimi nashona nguo Dongobesh, na nyumbani nilikuwa naenda Jumapili nikipata nafasi. Mvua za mwaka ule zilipoanza, kila nilipofika nilikuta pengo jipya. Mengine yalitoka akiwa anasugua meno, jingine lilibaki kwenye kipande cha muhindi wa kuchoma. Hakuna lililomuuma. Hilo ndilo lililotuogopesha zaidi, kwa sababu jino linaloumwa tunalijua, lina sababu yake. Haya yalikuwa yanaondoka kimya kimya kama watu wanaohama.

Mama mwenyewe akaanza kubadilika. Alikonda mabegani, gauni nililomshonea Krismasi likawa linamning'inia. Alikunywa maji kuliko nilivyowahi kumwona akinywa. Kando ya kitanda chake liliwekwa dumu, na asubuhi wifi yangu alilikuta tupu. Pumzi yake ilipata harufu ambayo sikuweza kuitaja, kitu kama ndizi iliyoiva kupita kiasi ikachanganyika na kidonda. Naye alijua. Alianza kusogeza kigoda chake mbali na sisi na kuongea akiwa ameziba mdomo kwa kanga. Kanisani alikuwa anaimba na kwaya ya akina mama. Akahamia benchi la nyuma, akawa anafungua kitabu cha nyimbo bila kufungua mdomo.

Nilimwambia twende hospitali.

"Ya nini?"

"Wakuangalie meno, mama."

"Meno yanatangulia," akasema. "Mwenyewe anafuata. Hospitali itayarudisha?"

Nilimgeukia kaka anisaidie. Aliangalia pembeni, akasema mama ni mtu mzima, tusimlazimishe. Jioni ile, nikijiandaa kuondoka, nilimkuta kaka nyuma ya nyumba, lilipo kaburi la baba. Alikuwa amefyeka majani pande zote, na upande wa kushoto alikuwa amefyeka zaidi, mpaka ardhi ikabaki uchi. Palikuwa na nafasi ya kutosha mtu.

"Unafanya nini, kaka?"

"Nasafisha tu."

"Huku kushoto unasafisha nini?"

Aliendelea kukung'uta udongo kwenye panga. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekwisha kukubali, na mtu aliyekubali huanza kutayarisha. Lakini njia nzima ya kurudi Dongobesh sikuweza kuiondoa akilini ile ardhi iliyofyekwa.

Jumapili iliyofuata mvua ilinizuia. Niliyoyakuta nilipofika baadaye, sikuwa nimeambiwa kwenye simu.

Mama alikuwa amekaa kitandani, ameinama mbele, mikono imeshika magoti. Shingo yake ilikuwa haionekani. Kuanzia chini ya kidevu mpaka karibu na kifua alikuwa amevimba, ngozi imekaza inang'aa, na nilipogusa niliona kama nimegusa ubao. Mdomo haukufunga. Mate yalikuwa yanamtoka yakidondokea kanga, naye hakuwa anayafuta. Nikamwamkia shikamoo. Alitaka kuitikia marahaba, ikatoka sauti nzito isiyo na maneno, kama mtu anayeongea na ulimi uliofungwa.

Wifi alinivuta mlangoni akanieleza. Jino moja la nyuma, la chini, lilikuwa limelegea na safari hii lilimuuma. Mama aliomba aitwe mzee mmoja wa kijiji cha jirani anayeng'oa meno kwa koleo. Alikuja, akaling'oa, damu ikatoka kidogo, akamwambia asukutue kwa maji ya chumvi. Kesho yake shavu likavimba. Keshokutwa uvimbe ukashuka shingoni.

"Tangu jana hawezi kulala chali," wifi akasema. "Akilala anakabwa."

"Na kaka anasemaje?"

"Anasema mama amekataa kuhamishwa. Amesema anataka kufia kwake."

Kaka alikuwa amekaa sebuleni, kofia mapajani. Nilimwambia aite bodaboda. Akaniambia polepole, "Mdogo wangu, muache apumzike."

"Hapumziki. Msikilize."

Kwa mara ya kwanza nadhani alimsikia kweli. Kila pumzi ya mama ilikuwa inaingia kwa kukwaruza, inakatika katikati, inaanza tena. Kaka alisimama, akatoka nje na simu yake.

Mama alipoona tunamvalisha koti alitikisa kichwa. Nilipiga magoti mbele yake nikamwambia kwamba kama ni kufa atakufa barabarani mikononi mwangu, lakini hapa sitamwacha akabwe kama kuku. Sikujua kama nilikuwa na haki ya kumwambia mzazi hivyo. Aliniangalia, halafu akaingiza mkono wake kwenye mkono wa koti.

Tulimkalisha katikati, dereva mbele, mimi nyuma nimemshika kiunoni. Barabara ilikuwa tope jekundu, na mahali pengine dereva aliteremka akasukuma huku sisi tumekaa juu. Kila pikipiki iliporuka nilisubiri kusikia pumzi inayofuata. Mara moja haikuja. Nilimpiga mgongoni, akakohoa, kitu kizito chenye uvundo kikatoka mdomoni kikaangukia mkono wangu, na pumzi ikarudi. Dereva hakugeuka. Aliongeza mwendo tu.

Kituo cha afya Dongobesh walitupokea bila kutupanga foleni. Mganga alikuwa kijana mpole aliyeanza kwa kumtania mama, "Bibi, umemeza boga?" Alipoweka vidole chini ya kidevu, utani ukaisha. Alimwomba atoe ulimi, ukashindwa kutoka. Akamwagiza nesi apige simu ya kuita gari la wagonjwa, kisha akamtoboa mama kidole akadondoshea damu kwenye kipimo kidogo.

Kipimo hakikuandika namba. Kiliandika herufi tu.

"Maana yake nini?" nikauliza.

"Maana yake sukari imepita pale mashine inapoweza kusoma," akasema. "Mama ana kisukari. Mlikuwa mnajua?"

"Hapana."

"Na yeye?"

Mama alikuwa amefumba macho. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumpima sukari maisha yake yote.

Gari lilitufikisha hospitali Mbulu mjini jua likiwa bado lipo. Waliingia naye ndani na mimi nikaachwa kwenye benchi nikiwa na kanga yake iliyolowa. Nilisikia mtu akisema njia ya hewa, mwingine akasema waharakishe. Waliompasua chini ya kidevu pande zote mbili walisema usaha uliotoka ungejaza bakuli, na kwamba ulikuwa umeanza kushuka kuelekea kifuani. Ungefika kule, wasingekuwa na la kufanya.

Daktari wa meno, mama mmoja wa makamo, alikuja kunieleza mambo hayo siku iliyofuata. Alikuwa mtu wa maneno machache. Aliniuliza kama mama alikuwa anakunywa maji sana, kama amekonda, kama pumzi yake ilinuka. Kila nilipojibu ndiyo alitikisa kichwa.

"Sisi tulidhani ni uzee," nikasema.

"Uzee hauna mkono wa kung'oa jino, dada. Fizi ndiyo inayolishika, pamoja na mfupa ulio chini yake. Sukari ikizidi mwilini, fizi inaoza kidogo kidogo bila kuuma, mfupa unaliwa, na jino linabaki limesimama penye hewa. Halafu ugonjwa wa fizi nao unaipandisha sukari. Vinasaidiana." Akaongeza: "Watu wanakuja kwangu jino likiuma. Lile lisilouma ndilo linalotuulia wazee wengi."

Meno yaliyobaki karibu yote yalikuwa yanacheza. Aliyaondoa taratibu, mama alipopata nguvu, na sukari iliposhuka. Nilikuwepo yalipotolewa ya mwisho. Mama alikaa wima kwenye kiti cha daktari, mikono juu ya vishikio. Baadaye alijiangalia kwenye kioo cha simu yangu, akagusa midomo iliyokuwa imeingia ndani. Aliniambia anafanana na mama yake siku walipomzika. Kisha akaniuliza swali ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu alipopata fahamu.

"Nani amekufa nyumbani?"

"Hakuna, mama."

"Usinifiche."

"Hakuna aliyekufa. Wote wazima."

Hakuniamini. Alipoletwa uji alikataa mpaka nilipompigia kaka simu ili amsikie sauti, na wifi, na watoto, mmoja mmoja. Hata hapo alikunywa uji akiangalia mlango.

Kaka alikuja kumwona. Daktari wa meno alipopita akamkuta kitandani pa mama, alimwangalia na kumwambia kwamba kisukari hutembea kwenye ukoo, hivyo watoto wa mama tupimwe kabla ya kuondoka. Mimi nilipimwa palepale, nikaambiwa niko salama kwa sasa lakini nirudi kila mwaka. Kaka akasema ameacha ng'ombe na mtu asiyewajua. Akaondoka kabla ya saa ya kuona wagonjwa kwisha. Mama alimfuata kwa macho mpaka alipopotea uwanjani.

Aliporudi Masieda mama alikuwa mtu mwingine. Alijifunza kujichoma sindano ya insulini mwenyewe. Anakula ugali laini na maziwa ya mgando, maboga, maharage yaliyopondwa, na kila baada ya chakula anafunga kitambaa safi kidoleni, anakichovya kwenye maji ya chumvi na kusafisha fizi, kama alivyoagizwa. Meno ya bandia alisema atayafikiria. Jicho moja limepungua nuru, na kliniki wanasema sukari ilikuwa imeshalifikia kabla yao. Kwaya hajarudi.

Ilikuwa Jumapili, tukiwa mezani, ndipo alipoona. Kaka alikuwa anatafuna nyama upande mmoja tu, taratibu, akiinamisha kichwa. Mama aliweka kijiko chini. Aliinuka, akazunguka meza, akamshika kidevu na kumfungua mdomo kwa dole gumba, vile watu wa kwao wanavyomkagua ng'ombe mnadani.

"Mama, mimi siyo ng'ombe."

Alisogeza pua yake karibu na mdomo wa mwanawe, akanusa. Halafu akalisukuma jino moja la mbele kwa kidole, nasi sote tukaliona likiyumba.

"Ni wewe," mama akasema. Hakupaza sauti. "Ile ndoto ilikuwa yako."

Safari hii kaka alikwenda kupimwa, kwa sababu mama alipanda pikipiki pamoja naye. Sukari yake ilikuwa juu, siyo kama ya mama, lakini juu. Alipewa vidonge, akaambiwa fizi zake zinaweza kuokolewa akizingatia. Nilifurahi kusikia neno hilo. Mama hakufurahi. Alisema daktari hamjui mwanawe.

Wifi ananiambia siku nyingine anavikuta vidonge kwenye mfuko wa shati, havijaguswa. Kaka anasema haumwi popote, sasa ameze vya nini. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hajaenda shamba, mama anasimama mlangoni kwake na kikombe cha maji, na haondoki mpaka ameona koo lake likimeza. Wanafanya hivyo bila kusemezana.

Wiki iliyopita mama alikuwa kwangu Dongobesh kwa ajili ya kliniki ya macho, na mvua ikamzuia kurudi. Kila asubuhi aliamka mapema, akakaa kitandani akiangalia njia ya kwenda Masieda, akaniambia nipige simu nimuulize kaka kama amemeza vidonge. Nilipiga. Kila mara simu ya kaka iliita mpaka ikakatika.