Mwanarusi Alipoomba Radhi Bofu Nzima

Wifi yangu Mwanarusi, mkulima wa mihogo hapa kwetu Bofu, alikuwa haogopi nyoka wala giza. Mwaka wa tisini na tatu, wallahi, aliogopa karatasi.

Uvimbe wa ziwa lake la kushoto ulishakatwa kinyama kidogo kikapimwa, ikaonekana ni saratani. Hilo alilipokea. Lakini daktari alipomwandikia karatasi apigwe picha ya kifua, na nyingine ya ini, alinigeukia.

"Wifi, ishafika kifuani na kwenye ini. Kama haiko huko, yuatafuta nini?"

Mganga wetu husema ugonjwa ulipo, hatafuti. Basi na mimi, Mungu anisamehe, nikaamini.

Picha zilipigwa Jumatatu, jibu ni Alhamisi. Siku hizo Mwanarusi akazunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi, kama mtu aendaye Makka, nami nyuma yake nikilia. Philister muuza samaki aliombwa radhi kwa kusingiziwa kuwa samaki wake wameoza. Kisha tukabisha kwa jirani yetu Mwanabibi.

"Dadangu, ule mkungu wako wa ndizi wa mwaka themanini na sita, hawakuula kima. Ni mimi."

Mwanabibi akashika kiuno. "Na mimi niliyewapiga kima mawe mwaka mzima!" Halafu akamkumbatia, machozi yakimtoka. "Nimekusamehe, mamangu, duniani na akhera."

Alhamisi tukaingia kwa Daktari Mutua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Niambie tu, nimebakisha siku ngapi?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Siku? Nani amekwambia mambo ya siku?"

"Si umetafuta kwenye kifua na ini?"

"Nimetafuta kwa sababu sikujua, mama. Saratani tunaipanga kwa hatua nne, na ili kuijua hatua naangalia mambo matatu. Kwanza naangalia ukubwa wa uvimbe. Wako ni kama kungumanga. Pili, naangalia kama umefika kwenye matezi ya jirani, hapa kwapani. Tezi moja limevimba. Tatu, naangalia kama umeenda mbali."

Mwanarusi akasogeza kiti. Nikamwona anarudi kuwa mkulima. "Kama shamba langu! Mche ulioharibika, kisha jirani zake, kisha natembea hadi mwisho wa shamba ndipo niamue. Wewe umefika mwisho wa shamba?"

"Nimefika."

"Huko kukoje?"

"Kifua safi. Ini safi. Uko hatua ya pili, mama. Ya nne ndiyo iliyoenda mbali. Tutakata Jumanne, tupime tena yale matezi tuhakikishe, kisha dawa. Hii yatibika."

Allahu akbar! Nilimkumbatia wifi yangu mbele ya daktari, buibui likaanguka, sikujali.

Tuliporudi nyumbani, Mwanabibi alikuwa mlangoni kwake akitungoja. "Haya, wamesemaje?"

"Hatua ya pili! Haijaenda mbali!"

Akapiga kigelegele hata Philister akatoka mbio na mwiko mkononi. Tukarukaruka pale uani kama wasichana. Kisha Mwanabibi akavuta pumzi.

"Alhamdulillahi. Sasa mkungu wangu."

"Si ulinisamehe duniani na akhera!"

"Nilimsamehe aendaye kufa. Wewe u hai, utalipa!"

Jumapili, siku mbili kabla ya kukatwa, Mwanarusi alipanda chipukizi la mgomba nyuma ya nyumba ya Mwanabibi, akicheka peke yake. Mwaka uliofuata mkungu ulikomaa. Aliyeushusha ni Mwanarusi mwenyewe, panga mkononi, na hakutaka kusaidiwa na mtu.