Mkono wa Gurudumu la Mama Turubai

Winchi ile ilipokuwa ikinyanyua injini bila kumdhuru mtu, ilikuwa ya meneja. Siku ilipomvunja mtu mkono, ikawa ya shemeji yangu. Sijaona mali ikibadili mwenyewe haraka namna hiyo.

Shemeji yangu, mjane wa kaka yangu, ni fundi wa kushona maturubai ya malori. Karakana nzima inamwita Mama Turubai. Ni mfupi, mwembamba, na akiketi kwenye cherehani yake chini ya dirisha la banda la pili, utadhani turubai ndilo linalomshona yeye. Mimi ni karani wa hapo hapo. Meza yangu inatazama cherehani yake, kwa hiyo ninayoyaeleza niliyaona mwenyewe.

Kazi yetu ni kutengeneza malori. Mashine yetu ya minyororo ya kunyanyulia injini iliwahi kukatika jino, na kwa miezi saba tukaambiwa kipuri kiko njiani. Tukarudia boriti, kamba na mabega. Asubuhi moja wanaume sita walivuta injini iliyokuwa imenata kwenye vikalio vyake, wakavuta mpaka mishipa ya shingo ikawasimama. Haikutikisika. Mama Turubai akatoka na uzi mdomoni.

“Mnagombana nayo bure,” alisema.

“Mama, rudi kwenye sindano,” alijibu Bonge, fundi injini aliyepewa jina hilo na mwili wake. “Hii siyo suruali ya kupunguzwa kiuno.”

“Suruali yako wewe ni nzito kuliko hiyo injini, na ninaishona.”

Watu walicheka, lakini yeye alikuwa hatanii. Aliwaita kwenye cherehani, akakunja turubai mara nne, akaweka sindano juu yake na kukanyaga pole pole. Sindano ikagoma. Akakanyaga kwa nguvu zaidi, mkanda ukateleza tu. Kisha akarudisha gurudumu nyuma kidogo, akaliachia nafasi ya kukimbia. Sindano ikafika ikiwa na mbio zake, ikapita kwenye tabaka zote nne.

“Mguu ni ule ule,” alisema. “Nguvu inawekwa kwenye gurudumu kidogo kidogo, halafu inatoka kwa mara moja.”

Wiki tano baadaye, yeye na fundi wa kuchomelea walikuwa wamesimamisha winchi kwa vyuma chakavu vya nyuma ya banda. Walichukua gurudumu zito la mashine ya kusaga nafaka iliyokufa zamani, wakafunga giya ndogo inayozungusha giya kubwa, na giya kubwa ikavuta waya wa chuma. Mtu mmoja alizungusha gurudumu kwa mkono wa chuma, polepole mwanzoni, mpaka likaanza kuvuma. Mwingine akakanyaga kipedali, giya zikashikana, na injini iliyowashinda wanaume sita ikang’oka kwenye vikalio kama jino bovu. Ulimi wa chuma ukadondokea kwenye meno ya giya kubwa ili mzigo usirudi chini. Kisha wakazungusha tena. Hapakuwa na umeme, wala mgongo wa mtu haukuumia.

Ule mkono wa kuzungushia ulikuwa kama wa kuwashia magari ya zamani. Uliingia kwenye meno mawili mwisho wa mhimili, na ukipunguza mwendo unachomoka wenyewe. Mama Turubai aliuwekea sheria. Aliyezungusha auchomoe, atembee nao hatua nane mpaka ukutani, autundike kwenye msumari. Mwenye kipedali aulize, “Mkono ukutani?” Ajibiwe, “Ukutani!” Ndipo akanyage. Mgeni angeona ni mchezo wa watoto. Kwa miaka sita hakuna aliyekwaruzwa hata ukucha.

Mwaka wa pili walikuja wakubwa kutoka makao makuu. Siku moja kabla yao, meneja alipigilia kwenye winchi kibao cha bati kwa ribiti nne: UBUNIFU WA MENEJA. Niliinuka mezani nikamwendea Mama Turubai.

“Shemeji, utanyamaza?” nilimwuliza.

“Injini haisomi,” alisema, akaendelea kushona.

Angesema siku ile, huenda meneja asingezoea. Mwaka huu, malori yalipoanza kupanga foleni nje, bwana huyo alisimama na saa yake kuhesabu zile hatua nane.

“Mnatembea kama maharusi,” alisema. “Huo mkono uchomelewe hapo hapo. Uzunguke na gurudumu.”

Mama Turubai aliacha cherehani ikiwa na sindano ndani ya turubai, jambo ambalo hafanyi kamwe. “Meneja, giya zikishikana lile gurudumu linasimama ghafla, linarudi nyuma kidogo kabla ya ulimi kudaka. Mkono ukiwa pale, utarudi nao. Utampiga mtu.”

“Mama,” alisema meneja, “shona.”

Fundi wa kuchomelea alifanya kazi ile bila kumtazama mtu usoni.

Ilikuwa siku ya nne. Bonge alikuwa akizungusha, mwenzake kwenye kipedali. Hapakuwa tena na msumari, wala swali, wala jibu. Mwenzake alidhani Bonge ameachia, akakanyaga. Nilisikia nikiwa mezani: mlio mkavu, kama kijiti cha kuni. Mkono wa chuma ulikuwa umempiga chini ya kiwiko.

Nililala hospitali nikimwuguza. Niliporudi karakana asubuhi, mkono wa chuma ulikuwa umekatwa, mwisho wa mhimili umesagwa ukawa laini, na kibao cha ribiti nne hakipo. Meneja alitukusanya sote, akasoma barua kwa sauti: Mama Turubai anasimamishwa kazi kwa kuunda bila idhini mtambo wa kienyeji uliomjeruhi mfanyakazi. Mkaguzi wa usalama atakuja, kisha winchi iuzwe chuma chakavu.

Bila idhini! Tangu mwaka wa pili aliwaonyesha wageni mtambo huo kama wake.

Shemeji yangu alipokea barua ile, akaikunja mara nne. “Kazi wachukue,” aliniambia. “Lakini Bonge alale pale akiamini mimi ndiye niliyemvunja? Hapana. Hilo sikubali.”

Mkaguzi alikuja Alhamisi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Meneja alimweleza kwa muda mrefu jinsi mama mmoja wa cherehani alivyojitia uhandisi. Mkaguzi alisikiliza, huku kidole chake kikipapasa ubavu wa winchi. Palikuwa na mstatili wa rangi ambayo haikupauka, na tundu kwenye kila kona.

“Haya matundu manne ni ya nini?”

“Ya… ya kupitisha hewa,” alisema meneja.

Karakana nzima ilipasuka kwa kicheko. Winchi yenye mapafu!

Mama Turubai, aliyekuwa ameitwa kujieleza, hakucheka. Alikwenda kwenye rundo la vyuma, akarudi na ule mkono. Akauingiza mwisho wa mhimili. Ukazunguka ovyo, kama kofia ya mtu mzima kichwani mwa mtoto, maana meno mawili yalikuwa yamesagwa. Kisha akaweka kidole kwenye pete ya rangi ya bluu iliyobaki kwenye chuma, kidogo nyuma ya pale paliposagwa.

“Bwana mkaguzi, chuma hakigeuki bluu kwa kuzungushwa. Kinageuka kwa moto.”

Njia ya mwongo ni fupi. Hii ilianzia kwenye matundu ya ribiti, ikaishia kwenye ile pete.

“Nilichomelea mimi,” fundi wa kuchomelea alisema. “Aliniamuru yeye. Mama alikataza.”

Wiki mbili zikapita. Barua ikaja ndani ya bahasha: umeruhusiwa kuendelea na kazi. Umeruhusiwa! Kama mtu aliyeomba kwenda msalani. Kuhusu mkono kuchomelewa, halikuwemo neno hata moja.

Asubuhi ile injini ilikuwa ikisubiri, na mwenye lori alikuwa akipiga honi. Mama Turubai alikuwa ameshachongesha meno mapya na mkono mpya. Aliutundika kwenye msumari, akaketi kwenye cherehani.

“Ile ya kunituhumu ilisomwa mbele ya watu,” alimwambia meneja. “Na ukweli usomwe hapo hapo.”

Wote tulikunja mikono. Bonge alikuwepo, mkono wake mmoja ukiwa ndani ya plasta. Meneja alitutazama mmoja mmoja, hata mimi, na safari hii sikuinamia daftari. Honi ililia tena. Hatimaye alisema, akitazama sakafu, “Mkono ulichomelewa kwa amri yangu. Mama alinikanya.”

“Sijasikia,” alisema Bonge. “Sikio langu hili liko upande wa plasta.”

Alirudia, kwa sauti.

Mama Turubai akainuka, akalizungusha gurudumu mwenyewe mpaka likavuma, akachomoa mkono, akatembea hatua zake nane.

“Mkono ukutani?” aliuliza Bonge, mguu wake juu ya kipedali.

“Ukutani!”

Injini ikapanda. Vidole viwili vya Bonge havikunjiki mpaka leo. Meneja bado ni meneja.