Tonton Aliyenichagulia Matairi

Niliyoyaona niliyaona kwa macho haya mawili, tena jua likiwaka. Nasema hivyo mapema kwa sababu nawajua watu wa kwetu: ukianza tu kusema "nilikutana na mtu", wanakuuliza ulikuwa umekunywa nini. Sikuwa nimekunywa kitu. Mimi ni mtu wa kazi. Naosha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Brussels, nawavalisha, nawalisha, na jioni narudi kwangu Saint-Josse miguu ikiniuma. Mtu wa namna hiyo ana nafasi gani ya kubuni mizimu?

Ila nina udhaifu mmoja, na siuonei haya. Napenda gari linalokimbia. Langu ni dogo, jekundu, la milango miwili, na ukikanyaga mafuta mgongo unagandana na kiti. Wenzangu kazini hunicheka, wanasema mwanamke wa Bukavu mwenye umri wangu angenunua gari la kubebea viazi. Waache wacheke. Viazi nabeba humohumo.

Mwaka jana, mwezi wa sita, mdogo wangu Furaha, aniitaye yaya, yaani dada mkubwa, alikuwa anaolewa, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumpeleka bibi harusi kanisani. Unazijua harusi zetu. Magari yanafuatana, honi zinaamsha mji mzima, na kila dereva anataka ionekane kwamba lake ndilo gari. Nami nilikuwa bado na matairi ya majira ya baridi. Joto likiingia, matairi yale hulainika mno, na kwenye kona gari linayumba. Furaha ndiye ndugu pekee wa tumbo moja niliyebaki naye duniani. Singeweza kumpakia juu ya matairi yale.

Alhamisi, baada ya kazi, nikaenda kwa Papa Déo, mtu wa Lubumbashi mwenye karakana ndogo ya matairi mtaani kwetu. Akanitolea aina mbili za matairi ya kiangazi, zote za magari yenye mbio. La kwanza, jamani! Pana, jeusi tititi, uso wake karibu laini kabisa, mifereji yake ya kutafuta. La pili lilikuwa zuri pia, lakini limejaa mifereji mipana, nikaona kama la gari la baba wa familia. Moyo wangu ulikuwa umeshachagua. Kizuri chajiuza, au sivyo? Na mvua haikuwa imenyesha kwa majuma kadhaa. Papa Déo akaanza kunieleza kwamba lile la kwanza ni la viwanja vya mashindano, kisha simu yake ikalia, akaingia ndani.

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu, kwa Kiswahili cha kwetu kilichochanganywa na Kifaransa, ikiliita tairi pneu.

"Maman, unatafuta pneu ya kukimbia ao pneu ya kusimama?"

Nikageuka. Niamini, sijawahi kuona mtu aliyevaa vile. Suti ya rangi ya maziwa, imemkaa kama alishonewa akiwa nayo mwilini. Viatu vya kahawia vinang'aa, tai ya kijani, kitambaa cheupe kwenye mfuko wa koti. Wanaume wetu wa Brussels wanajua kuvaa, hilo halina ubishi, lakini wengi huvaa ili watazamwe. Huyu alivaa kwa kuiheshimu siku. Umri wake kama wa wajomba zangu, nikamwita tonton bila kufikiri. Nikamjibu kwamba gari la kusimama hata marehemu bibi yangu angelipata, mimi nataka la kukimbia.

Akacheka taratibu. "Gari yote inakimbiaka, maman. Kusimama ndio kazi."

Akapiga goti palepale, kwenye sakafu ya Papa Déo iliyojaa vumbi jeusi la mpira. Nikataka kumzuia, nilimwonea huruma suruali ile. Akafumba macho, akapitisha kiganja juu ya tairi nililolipenda, polepole, kama mama anayepima homa ya mtoto. Halafu akafanya hivyohivyo kwa lile la pili. Akabonyeza ubavu wake kwa kidole gumba, akaitikia kwa kichwa. Nilikuwa sijui kwamba tairi linaweza kushikwa kwa heshima namna ile.

"Hii ya kwanza iko muzuri sana, siikatai," akasema. "Lakini ni ya soleil, ya jua. Bon, Bruxelles haina été, haina kiangazi, iko tu na mvua ya chaleur, ya joto. Mvua ikianguka, maji itapita wapi? Itabakia chini ya pneu, na weye utaelea. Beba ile ingine. Caoutchouc yake, ile mpira, iko laini, inashikaka njia. Mbavu yake iko nguvu, ukikata kona gari inakutii. Na ile mifereji inatupa maji pembeni."

Akanionyesha karatasi iliyobandikwa kwenye tairi lile la pili. Penye picha ya wingu la mvua palikuwa na herufi A. Nilikuwa nimeitazama karatasi hiyohiyo muda mfupi kabla, nikaona rangi tu.

Aliposimama, magoti ya suruali yake yalikuwa safi. Hata doa hakuna. Nikafikiri, haya, wapo watu waliobarikiwa. Kitu kingine nilichokitambua ni harufu yake. Hakunukia manukato. Alinukia mvua, ile ya kwanza kugusa lami. Papa Déo akarudi, nikamgeukia kumwambia nimebadili mawazo, na nilipotazama tena nyuma tonton hayupo. "Tonton gani?" akauliza Papa Déo. Nikadhani alikuwa mpita njia tu. Nikafungiwa matairi, nikaenda zangu.

Sasa nisikilize vizuri, maana kosa lililofuata ni letu wenyewe, hakuna Mbelgiji anayeweza kulifanya.

Ijumaa jioni magari ya harusi yalipelekwa kanisani kwetu Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, kuombewa. Yalikuwa mawili, langu na la binamu yetu Patrick, ambaye naye alikuwa ameweka matairi mapya ili asishindwe na mwanamke. Maman Béa, mkuu wa kikundi cha maombi, akaja na akina mama na chupa ya mafuta ya zeituni. Wakapaka milango. Wakapaka boneti. Kisha Maman Béa akasema, "Magurudumu ndio miguu ya gari, na miguu ndio inakanyagaka adui," na wakayamwagia mafuta matairi yote, juu kabisa, pale panapogusa barabara. Nami nikaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Hivi unadhani nani kati yetu angesimama mbele ya akina mama wanaoomba aanze kuzungumzia utelezi? Patrick akalirudisha gari lake nyumbani. Sisi tukaingia ndani kuimba.

Nilitoka baadaye kidogo kuchukua mkoba niliousahau garini. Ilikuwa saa tatu usiku, lakini mwezi wa sita hapa saa tatu usiku ni mchana. Jua lilikuwa bado kwenye madirisha ya ghorofa, vijana wamekaa nje ya baa, wanawake wanatoka saluni na nywele mpya. Na kando ya gari langu tonton yule amepiga goti, na suti yake ya maziwa, anafuta tairi kwa kitambaa chake cheupe.

Alikuwa anafuta mfereji mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Watu walipita karibu naye sana, na hakuna aliyemkwepa wala kumtazama. Mtu aliyevaa vile, Matonge, asitazamwe? Hapo nikarudi nyuma hatua moja. Lakini sikukimbia, na nitakwambia kwa nini: alikuwa anafanya kazi ile kwa uzuri mno. Nilisimama kama mjinga, nikimtazama mpaka akamaliza tairi la nne. Kitambaa kilikuwa bado cheupe.

"Mafuta ni ya kichwa, maman," akasema. "Pneu haina kichwa. Na pneu mupya, ata bila mafuta, inatokaka na utelezi ya usine, ya kiwandani. Leo tembea nayo taratibu, izoee njia. Kesho mvua itakuya."

 Macho yalinijaa machozi, sijui hata kwa nini. Nikanyoosha mkono nimshukuru. Yeye akakunja kiganja chake ndani na kunipa kifundo cha mkono, kama afanyavyo kwetu mtu mwenye mikono michafu au yenye maji. Lakini mikono yake ilikuwa safi, nami nikaona haya kumshika mkubwa kama yule kifundo tu. Nikapitisha mkono, nikakishika kiganja chake chote, mkono wa kushoto nimeushikilia chini ya kiwiko kwa heshima, kama nilivyolelewa.

Kilikuwa baridi. Baridi iliyopanda hadi begani. Akanitazama kwa huzuni ambayo sijaisahau.

"Eh, maman," akasema. "Nilikupa kifundo."

Sikuona alikoelekea. Nilijikuta nimesimama peke yangu, mkono bado umenyooka, na vijana wa baa wananitazama mimi.

Nilitii. Jioni ile nilizunguka mitaani polepole, gari likipigiwa honi na kila mtu. Jumamosi asubuhi mbingu ilikuwa nyeupe, na msafara ulipoondoka Saint-Josse mvua ikaanguka kama iliyokuwa inasubiri. Patrick alikuwa mbele, honi juu, mwendo wa kujionyesha. Mimi nilikuwa nyuma yake, Furaha kando yangu, shela limejaa gari zima. Tulipotoka kwenye handaki la barabara kuu, taa za magari ya mbele zikawaka nyekundu. Patrick akakanyaga breki. Gari lake likateleza, likazunguka zima, likagonga ukingo na kukingama katikati ya njia, ubavu wake ukitutazama.

Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Furaha akapiga kelele, "Yaya!" Nilisikia matairi yakiyatupa maji pembeni, nikasikia mpira ukiing'ang'ania lami. Gari halikwenda kushoto wala kulia. Likasimama, limenyooka, na kati yetu na mlango wa Patrick usingeweza kupitisha kiti. Furaha alikuwa ameshika tumbo. Ndipo aliponiambia, palepale kwenye mvua, kwamba alikuwa na mimba na hakuna aliyejua ila mchumba wake. Nililia kuliko yeye.

Patrick alitoka na pua inayovuja damu na aibu tele. Ndoa ikafungwa.

Kwenye sherehe nikamweleza Maman Béa habari za yule tonton, suti, tai, kitambaa. Akaweka sahani chini. Akaniambia kwamba miaka mingi nyuma, kabla sijafika Ulaya, palikuwa na mtu aliyevaa hivyo. Kila bibi harusi wa Matonge alitaka apelekwe na yeye. Siku moja waliliombea gari lake, wakamwaga mafuta vilevile, na asubuhi mvua ikanyesha. Alikuwa peke yake, anakwenda kumchukua bibi harusi. Hakufika.

"Tulisema ni ndoki, ni mchawi," Maman Béa akasema. "Hatukuwaza mafuta." Alikuwa mmoja wa walioyamwaga. Alikaa muda mrefu akitazama mikono yake, na tangu siku ile kanisani kwetu hupakwa usukani tu.

Mimi je? Kiganja changu cha kulia hakijasikia joto tena. Madaktari wamekipima, wanasema hakina kasoro. Kazini napima maji ya kuogeshea wazee kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ungemchoma mtu nisijue. Lakini nikiuweka juu ya tairi bovu, unaganda. Jumapili baada ya ibada watu huleta magari yao, nawapapasia, na siku nyingine natamani tonton anione.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayenisikiliza. Nunua tairi linalojua kusimama, usidanganywe na sura. Usiruhusu mtu alimwagie mafuta, hata awe askofu. Na siku mtu aliyevaa vizuri kuliko wote akikusaidia, kisha akakupa kifundo cha mkono, kishike hichohicho, umshukuru kwa mdomo. Mimi nilishika kiganja. Leo mtoto wa Furaha akinikamata kidole cha mkono huu, inabidi nitazame chini ndipo nijue kwamba amenishika.