Mguu wa Kushoto wa Papa Rigobert

"Miye nilikuletea miguu mbili, Anaclet. Mbili. Sasa niko na moja na nusu, na muntu wa mwisho kugusa hizi pedali njo weye."

Anaclet, fundi wa baisikeli, hakuinua kichwa. Alikuwa ameketi mbele ya kibanda chake cha bati kando ya barabara ya Kasenga, tairi la msukuma makala, mmoja wa wale wanaoleta makaa mjini kwa baisikeli, katikati ya magoti yake, akitafuta tundu ndani ya beseni la maji.

"Papa Rigo, muguu yako iko pale. Na hii nguo umevaa, kila muntu anaiona, ata ule hakuomba."

Wasukuma makala waliokuwa wakingoja zamu yao wakacheka. Kweli nguo ile ilikuwa ya mbio, ya kubana, ya aina ambayo mwanaume wa miaka hamsini na miwili angeivaa akiwa amefunga mlango kwanza.

"Muguu iko, lakini haitumiki," Rigobert akasema. "Telefone inaonyesha. Ya kuume inafanya kazi, ya kushoto inasindikiza. Ni juu ulifunga pedali mubaya, ao ulibadilisha chuma ya ndani ukauzisha."

"Na makobo yangu?"

"Makobo gani?"

"Ulisema: Anaclet, fungia miye hii kintu muzuri, bibi yangu anauzisha samaki ya Pweto, nitakuletea makobo mbili. Tangu ile siku ninakula bukari na matembele, ninaangalia njia."

"Utakula makobo siku muguu yangu itarudia."

"Basi itanikuta nimekufa," Anaclet akasema, akalitoa tairi majini. Lilikuwa linatoa povu. Fundi akafurahi: angalau mtu mmoja asubuhi ile alikuwa amekuja na tundu la kweli.

Rigobert Kalonji hakuwa mtu mbaya. Alizaliwa hapa hapa Lubumbashi, baba yake akiwa mtu wa reli aliyetoka Kasai na sanduku moja na maneno mengi, na mtoto alirithi yale maneno. Kazi yake ilikuwa kupitisha karatasi za malori mpakani. Lakini tangu utoto alikuwa na udhaifu mmoja: alipenda sana kupimwa, mradi kipimo kimsifu. Alinunua mizani ya kujipima uzito, ikamtukana, akaihukumu kuwa mbovu. Alinunua mashine ya presha, ikamsifu, akaiweka sebuleni karibu na picha ya harusi.

Mkewe Mumba, wa ukoo wa wavuvi wa Pweto, naye alikuwa mtu wa vipimo, ila vyake vilikuwa kiganjani. Aliinua samaki mara moja, akajua. Kwa hiyo ndani ya nyumba yao mume alipima na mke alijua, na waliishi vizuri tu.

Zile pedali zilitoka kwa mdogo wake wa Liège, zimeshatumika. Si pedali za kawaida. Ukizikanyaga zinapima nguvu ya kila mguu kwa wati, kama vile mguu ni jenereta, halafu zinapeleka habari kwenye telefone: kushoto kiasi hiki, kuume kiasi hiki. Wengine wananunua kitu kama hicho ili wajifunze kukanyaga vizuri. Rigobert alipokea chake ili asikose nafasi ya Kasomeno.

Maana hapo ndipo roho yake ilipokuwa imekaa. Klabu yao ya wazee wa baisikeli ilikuwa inajiandaa kwa mbio ya Kasomeno, watu wanne tu. Watatu walishachaguliwa. Nafasi ya nne, kocha Alphonse alisema, ni ya mtu atakayeonyesha wati mia mbili kwa dakika ishirini, na hataki kusikia ushuhuda, anataka kuona telefone. Mwaka uliopita Rigobert alikuwa amekosa, akapewa kazi ya kukaa nyuma ya gari na kugawa ndizi. Tangu siku ile kazini na parokiani wanamwita Papa Ndizi. Hata padri, mtu wa Mungu, alishawahi kuteleza.

Mwanzoni pedali zilimpenda. Nusu kushoto, nusu kuume, kama mizani ya hukumu ya mwisho. Alionyesha watu mpaka watu wakaanza kubadilisha njia. Halafu, wiki ile Mumba aliporudi kutoka Pweto na mzigo wa makobo, wale samaki wakavu wa chumvi, mguu wa kushoto ukaanguka. Usiku ulilala mzima, asubuhi ukaamka umestaafu, na wati zote zikashuka nao.

Rigobert hakulala juu ya jambo hilo. Alipanda ngazi za ofisi kwa mguu wa kushoto peke yake, akiruka kama kunguru aliyeumia, mbele ya wateja. Alipiga mswaki akiwa amesimama juu yake. Kila mapambazuko alitoka barabara ya Kasenga akikanyaga kwa kushoto tu, ule wa kuume ukining'inia, mpaka wasukuma makala waliokuja na mizigo yao walimuuliza, kwa huruma ya kweli, kama nyumbani wanajua alipo. Alikandwa kwa mafuta ya chatu. Akaombewa Jumapili, mguu ukiwa umenyooshwa katikati ya kanisa.

Na mguu ukaanza kupona. Kidogo kidogo, siku kwa siku. Rigobert akasifu chatu, akamsifu Bwana, kwa mpangilio huo. Kisha Mumba akapokea mzigo mpya kutoka Pweto, na usiku ule ule mguu ukafa tena. Kwa muda mfupi Rigobert aliwaza mambo ya upande wa wakwe, mambo ambayo mtu hayasemi kwa sauti. Halafu akakumbuka Anaclet, ambaye ni rahisi zaidi kumshitaki, na hivyo ndivyo ugomvi ulivyofika kibandani.

Jioni ya siku ile aliosha kinga yake, ndivyo tunavyoita baisikeli hapa kwetu, akaiingiza kolidoni na kuibana gurudumu la mbele ukutani, kama kila jioni. Karatasi ya pedali ilisema kila siku zirudishwe kwenye sifuri, zikiwa wazi, bila uzito wowote juu yake. Rigobert aliitii kama katekisimu. Alitikisa pedali ziamke, kisha akasogea mbali, akakaa na telefone yake kwenye kiti cha sebuleni, miguu yote miwili juu ya kiti kingine, ili asiwe na uzito juu ya kitu chochote hapa duniani. Akabonyeza.

Mumba akaingia akitoka sokoni na uso wa mtu aliyesikia habari zake kwa watu.

"Baba Keren, bale bantu ya makala banacheka miye. Eti uko na deni ya samaki yangu?"

"Si deni tena. Ilikufa pamoja na muguu."

"Deni ya samaki haikufake. Inanuka tu."

Akapita kolidoni kuchukua makobo mawili. Mahali pa samaki palikuwa panajulikana. Panya wa mtaa ule wanatembea juu ya boriti, wanashuka ukutani, na paka wanawapisha. Kwao Pweto, mama yake Mumba alimfundisha kwamba samaki analala hewani, mbali na ukuta, mahali panya hana daraja. Na katika nyumba nzima kitu kilichotokeza hewani kilikuwa kimoja tu: pedali ya kushoto. Mfuko uliningʼinia pale kila usiku. Rigobert mwenyewe alikubali, akisema kinga inalala bure, ishike samaki. Kila asubuhi aliutoa mfuko kwa mkono wake, akilalamika harufu. Na kila jioni ulibembea mbele ya macho yake alipotikisa pedali. Alihakikisha kwamba mguu wake haugusi. Samaki hawakuwa wametajwa kwenye karatasi.

Alikuwa akibonyeza mara mbili, kwa usalama. Mara ya kwanza namba ikatoka. Mumba akautoa mfuko. Mara ya pili namba ikaruka kama imekanyagwa mkia.

"Mama Keren. Umegusa kinga?"

"Nimegusa samaki."

"Rudisha."

Akarudisha. Akabonyeza. Namba ikarudi pale pale.

"Toa."

"Baba Keren, miye hapana mutumishi ya telefone yako."

"Toa kidogo. Tafazali."

Neno lile Mumba hakulisikia tangu wakati wa posa, likamtisha. Akatoa. Namba ikaruka tena.

Polepole mambo yakajipanga mstari mbele ya macho ya Rigobert. Kila jioni alikuwa anaiambia mashine kwamba mfuko mzima wa samaki ni sifuri, na kila asubuhi mashine, kwa utii, ilikata uzito wa samaki kwenye mguu wake. Mumba alipouza, mfuko ulipungua, mguu ukapona. Mzigo mpya ulipofika, mguu ukafa.

Alipomweleza, Mumba aliketi juu ya gunia la unga ili asianguke.

"Chatu ya bantu," akasema, akifuta machozi. "Chatu ya bantu ilikufa bure. Na maombi! Padri alikemea shetani ule, kumbe ni makobo."

"Usiseme kwa bantu."

"Sitasema. Weye njo utasema. Hii kinywa ilimwita Anaclet mwizi itaenda kumulipa."

"Nitaenda siku ya posho. Kwanza jaribio ya kocha, kisha Anaclet."

"Hapana kisha. Utatoka nayo hapa, sitaki deni inalala kwangu tena."

Kwa hiyo siku ya posho, yaani Jumamosi, Rigobert alitoka kwenda kujaribiwa na makobo mawili yamefungwa gazeti, moja katika kila mfuko wa mgongo wa fulana yake ya mbio, mikia ikichungulia.

Kocha Alphonse, mwalimu mstaafu wa mazoezi ya viungo, akanusa hewa.

"Rigobert, nini inanuka?"

"Ni chakula, kocha."

"Ya leo?"

Rigobert akapanda, akakanyaga barabara ya Kasenga dakika ishirini, mdomo wazi, makobo yakimpiga figo, na pikipiki ya kocha ikimfuata nyuma, ila kwa umbali, kwa sababu ya upepo. Aliposhuka alimpa Alphonse telefone kama mtu anayetoa mtoto abatizwe.

Mia mbili na sita.

Alphonse akaitazama mara mbili. "Unaenda Kasomeno," akasema. "Lakini angalia hapa. Kushoto hamsini na tatu, kuume arobaini na saba. Ya kuume njo muvivu."

Ni kweli. Kule kuruka ngazi kote kulikuwa kumeuacha mguu wa kushoto na nguvu za punda. Samaki walikuwa wamemfundisha kuliko kocha. Rigobert alikuwa ameshaanza kuutazama mguu wa kuume kwa jicho baya alipofika kwa Anaclet.

Fundi alikuwa na wasukuma makala wale wale, au wengine wa kicheko kile kile. Rigobert akatoa makobo mgongoni, akayanyoosha.

Anaclet akafungua gazeti. "Imelowana."

"Ni jasho."

"Chumvi juu ya chumvi." Akageuza moja. "Na muguu?"

"Nimeiona. Anaclet, hukuibake kintu. Nilikusema mubaya."

"Ilikuwa wapi?"

Rigobert akawatazama wale wanaume wa makala. Wote walikuwa wameacha kupumua. Kilomita moja nyuma alikuwa ametunga jibu zuri lenye neno *teknolojia* ndani yake. Lakini Mumba angekuwa sokoni Jumatatu, na angesikia alichojibu.

"Chini ya samaki," akasema.

Anaclet alingoja aone kama kuna maelezo. Hayakuja. Akainuka, akachukua misumari miwili, akaipigilia juu kabisa kwenye nguzo ya kibanda, akatundika kobo moja huku na lingine kule.

"Deni imeisha, Papa Rigo," akasema, akirudi kwenye beseni lake. "Ya kuume ikipotea, anza kutafuta kwako."